Binti Yetu na Kambi ya Uraia

Likizo ya Agosti ilipokaribia, binti yetu wa miaka 16 alituletea barua ya kambi ya siku tano, ya mafunzo ya uraia na serikali. Tulikataa kabla hatujaimaliza kuisoma. Mama yake hakubishana, aliuliza tu, "Sheikh, siku ya Hudaibiya ni nani aliyempa Mtume shauri?"

Tukanyamaza. Mwaka wa 6 Hijria, masahaba walipozidiwa na huzuni, ni Bibi Ummu Salama (r.a.) aliyemshauri Mtume (s.a.w.) atoke, achinje na anyoe mbele yao, nao wakamfuata.

Tulifunga safari kupakagua mahali penyewe: bweni la wasichana peke yao, walezi wanawake, nafasi ya swala. Ndipo tukaridhia, nasi wenyewe tukampeleka.

Huko walisomeshwa kwamba Katiba ya 2010 imeigawa nchi katika kaunti 47, na kwamba bunge la kaunti halina budi kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Waliigiza kikao cha bajeti. Binti yetu akatetea fungu la wadi ya wazazi.

Aliporudi, baada ya chakula cha usiku, alituuliza: "Baba, wanafunzi wengi wa madrasa yetu ni wasichana. Mbona kamati haina mama hata mmoja?"

Miaka mingi tumo katika kamati hiyo. Jibu hatukuwa nalo. Swali tumelipeleka kikaoni, na bado linajadiliwa.

Wazazi wenzetu, kagueni kwanza, kisha waruhusuni. Lakini jitayarisheni kwa maswali watakayorudi nayo.