Alama 72 ya Mlimani na 72 ya Marekani: ijue Kalkulasi ya Pili kabla hujapanda ndege

Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi mwenye 72 kwenye kalkulasi ana A. Akiwa na 72 hiyohiyo kwenye chuo cha kawaida cha Marekani, ana C. Akishuka mpaka 69, kwa kawaida hiyo ni D, na njia ya kwenda Kalkulasi ya Tatu na masomo ya uhandisi imefungwa mpaka airudie kozi. Vijana wetu wa Buhongwa, Mkolani na Nyegezi, kule Mwanza, wanaokuja huku Marekani na cheti kizuri cha PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hawaambiwi jambo hili mapema, na inaniuma kila nikimwona mmoja wao ameanguka. Hesabu zenyewe wengi wanaziweza. Kinachowaangusha ni karatasi ya taratibu, ile silabasi ya siku ya kwanza ambayo mtu anaikunja na kuitia kwenye begi.

Tofauti hii ya alama ina historia. Chuo cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na 1970 kikasimama chenyewe. Kipimo cha Kiingereza tukabaki nacho: Uingereza mpaka leo ukifika 70 uko daraja la kwanza, na pepa hutungwa ikijulikana kwamba wengi hawatafika huko. Mlimani, alama 40 zinatokana na kazi za muhula na 60 zinangoja mtihani wa mwisho, UE. Mtoto aliyepita mikononi mwa NECTA, Baraza la Mitihani, ameshazoea hivyo tangu shule: miaka miwili anasoma, kisha wiki chache za Mei zinaamua kila kitu. Na chuoni, ukiteleza, sapu ipo: unarudia mtihani.

Marekani wamejenga kwa namna nyingine. Kipimo chao ni saa. Mwaka 1906 taasisi ya Carnegie, iliyokuwa ikitafuta namna ya kuwalipa maprofesa pensheni, ilivitaka vyuo vikubaliane masomo yahesabiweje, na kuhesabu saa za darasani kukaenea nchi nzima. Leo krediti moja ina maana ya saa moja darasani na saa mbili za kujisomea, kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Kalkulasi ya Pili mara nyingi ni krediti 4: saa 4 za kumsikiliza mwalimu na 8 za kukaa na daftari. Mwenye krediti 15 anadaiwa saa 45 kwa wiki, na hapo hajaenda kazini.

Alama nazo zinakusanywa kidogo kidogo. Chukua mgawanyo ambao si wa ajabu hata kidogo: kazi za nyumbani 15, kwizi 10, majaribio matatu 50, mtihani wa mwisho 25. Kijana anayepata 80 kila mahali lakini hatumi kazi za nyumbani kwa kuwa "hizi nazijua tangu form five" anamaliza na 68. Amefaulu kila mtihani na kozi imemshinda. Kazi hizo zinafanywa kwenye programu kama WebAssign au MyLab, na nyingi zinafungwa saa 5:59 usiku. Hakuna wa kumbembeleza. Wapo walimu wanaofuta kwizi moja iliyokuwa mbaya kuliko zote, wapo wanaopokea kazi iliyochelewa kwa kukata alama. Yote yameandikwa kwenye ile karatasi, na mwalimu ataifuata. Sapu haipo. F ikiingia, unarudia kozi nzima na kulipa ada upya.

Kuhusu hesabu, nusu ya kwanza ya muhula ni nyepesi kwa mtu wa PCM. Kuintegreti kwa sehemu, kuvunja sehemu zenye polinomia, kutafuta ujazo wa umbo linalozungushwa: mengi ya hayo yamo kwenye Advanced Mathematics, na hata Taylor na Maclaurin wanaguswa kidato cha tano. Raha hiyo ndiyo mtego. Kufika wiki ya nane au ya tisa inaingia mifululizo isiyo na mwisho, na swali linabadilika sura. Huulizwi tena jibu ni ngapi. Unaulizwa kama jibu lipo.

Tazama hii: 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4, na kuendelea bila kikomo. Vipande vinazidi kuwa vidogo, na ukijumlisha 10,000 vya kwanza hata 10 hujafika. Uko karibu 9.79. Jicho linakuambia itasimama mahali. Haisimami, inapanda milele. Sasa weka kipeo cha pili chini, 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16, na jumla inatulia karibu na 1.645. Kwenye pepa utatakiwa utaje kipimo ulichotumia, uoneshe masharti yake yametimia, kisha ndiyo uhitimishe. Aliyeandika "inatulia" peke yake, hata kama kweli inatulia, hupata alama moja au hapati kitu. Kwa aliyefunzwa kukimbiza jibu la mwisho, hii inataka mazoezi ya kuandika sentensi.

Hapa nina neno moja ninaloliamini kuliko yote: usiache diskasheni yako Buhongwa. Miaka ya 1970, Uri Treisman pale Berkeley aliwafuatilia wanafunzi Weusi na wanafunzi wenye asili ya China kwenye kalkulasi, akitaka kujua kwa nini wa kwanza walikuwa wanaanguka. Maelezo yaliyozoeleka, kwamba hawana ari au nyumbani hawahimizwi, hayakusimama. Alichokiona ni kwamba wale Wachina walisoma kila mtu kwake, kisha wakakutana kukosoana kazi. Wanafunzi Weusi walisoma kwa bidii, wakiwa peke yao. Alipoanzisha makundi ya kufanya maswali magumu pamoja, matokeo yao yakapanda sana. Sisi tumekua na jambo hilo: watu watano, ubao mmoja, anayeelewa anashika chaki. Tukifika huku tunajifungia chumbani kwa aibu ya lafudhi. Tafuta wenzako wiki ya kwanza, na nenda kwa mwalimu saa zake za ofisi, ambazo zimewekwa kwa ajili yako. Jadilianeni njia, kisha kila mtu aandike kwa mkono wake, maana kunakili kazi ya mwenzako kunaweza kukufikisha kwenye kamati ya nidhamu.

Mambo yakiharibika, ipo tarehe ya mwisho ya kujitoa, na kwenye matokeo inaandikwa W badala ya F. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, asibonyeze kitufe hicho kabla hajaongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Sheria inamtaka abaki na krediti 12 kwa muhula kama anasoma shahada ya kwanza. Akishuka chini ya hapo bila idhini yao, anahatarisha ruhusa yake ya kukaa nchini.

Na wazazi, shikamooni. Msipige simu chuoni kuuliza matokeo. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi mwenyewe siri ya alama zake, hivyo chuo kwa kawaida hakiwezi kuwaeleza chochote bila ruhusa yake ya maandishi, hata kama ada imelipwa kwa kuuza kiwanja. Muulizeni mtoto, na muulizeni mwezi wa pili wa muhula, wakati majaribio ya kwanza yamesharudi na tarehe ya kujitoa haijapita.