Kamera Inapoyafuta Mawimbi

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kusi ni nini. Upepo huo ukishika, na maji ya bamvua yakijaa, wimbi hupasuka juu ya majabali ya Ras Serani, Mombasa, hata anayepunga upepo kule juu akaonja chumvi mdomoni. Lakini zitazame picha zinazopigwa siku hizi papo hapo, tena siku za mawingu mazito: jabali jeusi, mbingu rangi ya risasi, na bahari imelala kama ukungu wa alfajiri. Wimbi hata moja halimo.

Si uchawi. Kamera hukazwa juu ya miguu mitatu isitikisike, na mbele ya lenzi hutiwa kioo cheusi kinachopitisha kama sehemu moja tu katika 1,000 ya mwanga. Picha ambayo ingemalizika kufumba na kufumbua, kwa sehemu ya 15 ya sekunde, sasa hutaka zaidi ya dakika nzima. Katika dakika hiyo wimbi hupanda, huvunjika, hurudi, likaja jingine, na yote huandikwa mahali pamoja hadi povu likawa moshi. Mwanga wa tufani ndio unaotafutwa, kwa kuwa jua kali hulifanya povu ling'are kupita kiasi na mapango ya jabali yakawa giza tupu. Wingu huvipatanisha viwili hivyo.

Kilichotulia hubaki, kinachokwenda hupotea. Kanuni hii ni kongwe. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, mjini Paris, barabara yenye watu na magari ya farasi. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa, basi umati wote ukafutika. Akabaki bwana mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu.

Nazipenda picha hizi, sikatai. Ila jabali letu ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na ni wimbi hilo hilo linaloyala kwa chini mpaka yakaachama kama mdomo. Picha inatuonyesha jeraha, mwenye meno imemficha.

Wala si wimbi peke yake. Nilimuuliza kijana mmoja afanyaye kazi hii, "Mwanangu, mbona wavuvi wa mshipi siwaoni?"

"Walikuwapo, mzee wangu," akanijibu, "lakini hawakutulia, kwa hivyo hawakutoka."

Hawakutoka! Na picha kama hizo ndizo zinazotundikwa kutani, mgeni akazitazama akadhani pwani hii ni mawe na moshi, haina wenyewe. Nikamwomba safari nyingine amwendee mvuvi mmoja, amwamkie, amsihi asimame tuli dakika moja na mshipi wake mkononi.

Akacheka. Alikwisha kumwomba mmoja wao, na mzee yule alimwambia kwamba wimbi la kusi halimpi mtu dakika nzima pale.