Gari Lisilo na Kwao: Lami, Fremu na Maegesho ya Kiwalani
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliifuata lami ilivyoingia Kiwalani kupitia Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, maarufu kama DMDP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 300 mwaka 2015. Pamoja na Ukonga na Gongo la Mboto, Kiwalani ilikuwa miongoni mwa sehemu za Ilala zilizopangiwa barabara za mitaa, mifereji na taa. Leo tutazame kilichoifuata lami hiyo, yaani magari.

Zamani masika yakianza, mwenye gari wa Bombom au Minazi Mirefu aliliacha kwa ndugu au kwenye kituo cha mafuta kando ya Barabara ya Nyerere, akakunja suruali, akaingia mtaani kwa miguu. Matope ndiyo yaliyokuwa geti la mtaa. Hayakumdai mtu ushuru wala hayakuhitaji mlinzi, ila gari dogo halikupita. Lami imeling'oa geti hilo, na hakuna aliyeweka jingine. Sasa ukipita usiku utayakuta magari yamelala ubavu kwa ubavu na kuta za nyumba, tairi mbili juu ya mfuniko wa mfereji, vioo vya pembeni vimekunjwa ili bodaboda isivipitie.

Rahisi kusema magari yamezidi. Lakini wapangaji wengi wa Kiwalani hawana gari. Usafiri wao ni daladala, bodaboda na miguu yao. Kilichobadilika zaidi ni thamani ya ile ardhi ndogo iliyo mbele ya nyumba.

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ambayo ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya Dar es Salaam, ina korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma na baraza mbele. Baraza lilikuwa la mkeka, bao na mazungumzo ya jioni. Lami ilipofika, kila mwenye nyumba iliyotazama barabara alipiga hesabu moja: baraza lile likijengwa ukuta na kuwekewa mlango wa chuma linakuwa fremu. Fremu hulipiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mpangaji wake, awe wa saluni, wa duka la dawa au wakala wa kutuma pesa, hagombanii foleni ya choo na wapangaji wa ndani. Mwenye nyumba aliyestaafu akiwa na kiinua mgongo kidogo, au warithi wanne waliogawana nyumba ya marehemu mzee wao, hawapati biashara nyingine yenye utulivu kama hiyo.

Sasa linganisha. Fremu ya mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Nafasi ya kuegesha gari moja dogo, pamoja na upenyo wa kufungua milango, ni kama mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Eneo ni lile lile. Ukilijenga linakulipa; ukiliachia gari, halikulipi chochote, na gari lenyewe unaweza kulilaza barabarani bure, hatua mbili tu kutoka hapo. Ni nani mwenye akili timamu angechagua kuliacha wazi? Hatuna sababu ya kuwaita wenye nyumba hawa wachoyo. Wamesoma bei zilizopo mbele yao, na bei ya barabara ni sifuri.

Gharama inakuja baadaye, na humwangukia mwingine. Chukua mtaa wenye upana wa mita 4 za kupita. Gari dogo la kawaida lina upana wa takriban mita 1.7. Likiegeshwa upande mmoja, zinabaki mita 2.3. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi. Gari la majitaka nalo likishindwa kusogea, mpira wake haufiki kwenye shimo la choo cha uani, na mama mwenye nyumba ataambiwa aongeze hela au asubiri. Gari la taka likikwama mara mbili, mara ya tatu haliji. Hao wote wanaoathirika, kwa sehemu kubwa, hawana gari.

Katika ofisi za mipango miji jibu la kwanza linalokuja ni kanuni. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 zipo kanuni za viwango, zilizotolewa upya mwaka 2018, na ndani yake maegesho yana vipimo vyake kulingana na aina ya jengo. Kiwalani haikuguswa sana na vipimo hivyo kwa sababu sehemu yake kubwa ilijengwa kabla ya kupimwa. Lakini urasimishaji wa makazi unavyoendelea jijini, ramani zinachorwa, hati zinatoka, na baada ya hati hufuata kibali cha ujenzi. Hapo ndipo mwenye kiwanja kidogo anayetaka kubomoa nyumba ya bati na kuinua ghorofa moja yenye vyumba vya kupangisha atakapoulizwa: magari yataegeshwa wapi?

Nionavyo mimi, swali hilo linaulizwa kwa mtu asiye sahihi.

Kwanza, maegesho yakidaiwa kwa kila kiwanja, kiwanja kidogo hakijengeki. Mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliozaa Sinza na Kijitonyama, uligawa viwanja vingi vya mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288, na hivyo vilikuwa vimepimwa kwa utaratibu. Viwanja vingi vya Kiwalani havifiki hapo, na havikukatwa kwa kamba iliyonyooka. Ondoa njia ya gari, nafasi mbili za kuegesha na sehemu ya kugeuzia, uone kinachobaki kwa watu. Mjenzi mdogo ataacha kabisa, au atapita mlango wa nyuma, au atauza kwa mwenye mtaji mkubwa atakayeunganisha viwanja vitatu. Na mjenzi mdogo huyu, tusisahau, ndiye anayelilaza jiji hili. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja ya ziada ndani ya miaka kumi haikupokewa na majengo ya mashirika. Walio wengi wamepokewa na vyumba vya uani.

Pili, mpangaji asiye na gari ndiye atakayelipa. Hoja hii ilichambuliwa kwa kina na Donald Shoup, aliyekuwa mwalimu wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenye kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu gharama kubwa ya maegesho ya bure. Alionyesha kuwa nafasi ya gari inayolazimishwa na kanuni haiwi bure kamwe; gharama yake hujificha ndani ya kodi ya chumba na bei ya bidhaa, na anayetembea kwa miguu humlipia anayeendesha. Mwaka 2017 jiji la Buffalo huko Marekani lilifuta sharti la kiwango cha chini cha maegesho, na mwaka huo huo Mexico City, jiji lenye msongamano kuliko letu, likageuza sharti lake: badala ya kumwambia mjenzi asipunguze, likamwambia asizidishe.

Tatu, hata pale sharti linapotimizwa kwenye mchoro, jengo hubadilika. Kariakoo imetufundisha hilo. Nyumba za Kiswahili zilipobomolewa na maghorofa kupanda, sakafu ya chini iliyochorwa maegesho ni mara ngapi imegeuka ghala la vitenge? Kodi ya duka ikiwa kubwa kiasi hicho, mchoro wa mbunifu hauna nguvu ya kushindana nayo.

Hapa inafaa tuyaulize magari yenyewe yalikotoka. Hizi IST, Vitz, Passo na Noah zilizojaa mitaani mwetu, nyingi zilianza maisha Japani. Huko kuna sheria ya mwaka 1962 inayomtaka mwenye gari athibitishe kwamba analo mahali pa kuliweka, nje ya barabara ya umma. Hupeleka maombi polisi pamoja na mchoro unaoonyesha nyumba yake na sehemu hiyo ya kuegesha. Zamani isiwe zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani, tangu 1991 isizidi kilomita 2. Bila hati ya polisi inayothibitisha mahali hapo, gari halisajiliwi, isipokuwa kwa baadhi ya magari madogo sana na baadhi ya maeneo. Sheria hiyo hiyo inakataza kuliacha gari barabarani mahali pamoja kwa zaidi ya saa 8 usiku. Ndiyo maana vichochoro vya Tokyo, vingine vyembamba kama vya Kiwalani, hupitika alfajiri.

Kwa hiyo gari lile lile ambalo huko lilitakiwa kuwa na kwao kabla ya kupewa namba, likishuka bandarini kwetu linapewa namba likiwa halina kwao. Na tazama mzigo uliwekwa kwa nani: kwa mwenye gari. Mwenye nyumba ndogo hakulazimishwa kumtengea mtu asiyemjua nafasi, na mpangaji mwenye baiskeli hakuchangishwa.

Sisemi tuinakili sheria ya Japani Jumatatu ijayo. Ila zile namba za nyumba zilizobandikwa mwaka 2022 katika operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa, zimetupa kitu ambacho hatukuwa nacho: nyumba ya Kiwalani sasa inaweza kutajwa kwenye fomu. Kabla ya kufika huko, mtaa unaweza kuanza na utaratibu ambao tayari unao. Msiba ukitokea, turubai hufungwa katikati ya barabara, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua, magari yanazunguka, na hakuna anayelalamika. Harusi nayo hupewa barua na saa ya kumaliza muziki. Barabara ya mtaa imekuwa ikigawanywa kwa saa na kwa sababu miaka yote. Gari linalolala ndilo pekee lililopewa barabara bila kuomba.

Na mahali pa kulipeleka papo. Kiwalani imepakana na ukanda wa viwanda na maghala wa Barabara ya Nyerere, iliyoitwa Barabara ya Pugu kwa muda mrefu. Nyuma ya kuta zile kuna viwanja vya zege vinavyojaa malori mchana na kubaki na mlinzi mmoja usiku. Kuna viwanja vya shule, vya makanisa na vya misikiti. Watu wa Dar es Salaam wanajua kulaza gari yadi kwa malipo ya usiku. Wanaolipa hufanya hivyo wakihofia taa na vioo kuibwa, na si kwa kuwahurumia wapita njia. Utaratibu wa mtaa ungeanzia hapo: njia zilizotajwa kwa majina zibaki wazi kwa zimamoto na gari la majitaka usiku kucha, na anayetaka kulaza gari kwenye sehemu pana za barabara alipie kwa mwezi bei isiyo chini ya ile ya yadi. Bajaji iachwe kando mwanzoni. Dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hana cha ziada, na chombo chake ni chembamba, kinaingia hata uani.

Ugumu wenyewe uko kwenye nani ana mamlaka, na hapa sheria yetu ina pengo. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Mtaa wa mjini hauwezi. Sheria ndogo ni ya halmashauri, ambayo kwa Kiwalani ni ya Jiji la Dar es Salaam tangu Ilala ilipopandishwa hadhi mwaka 2021. Barabara iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, ambao pia umewahi kukusanya ushuru wa maegesho ya barabarani. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye anayelijua gari na mwenye gari, hana stakabadhi wala kitabu.

Fedha ndiyo itakayoamua. Huko Old Pasadena, California, wafanyabiashara walizipinga mita za maegesho kwa muda mrefu, mpaka jiji lilipowaahidi kwamba kila senti ingebaki kwenye mitaa yao, kwenye njia za miguu, taa na usafi. Mita ziliwekwa mwaka 1993, na waliozipinga wakageuka watetezi wake. Ada ya Kiwalani ikienda moja kwa moja kwenye akaunti ya mbali, mjumbe wa serikali ya mtaa hataamka saa nane usiku kugonga mlango wa jirani yake amwambie asogeze gari. Ikibaki kiasi cha kuonekana, kwa kuzibua mfereji wa Bombom kabla ya vuli au kubadilisha taa iliyoungua, huenda akaamka. Sheria zilizopo zinaruhusu mgawo wa namna hiyo kati ya wakala, halmashauri na mtaa kwa kiasi gani, na wapi zingehitaji kurekebishwa, ndilo tutakalolichambua katika sehemu ya tatu.