Desmond Cole na kadi za polisi wa Toronto

Ubaguzi wa rangi katika kazi ya polisi ukitajwa, wengi wetu tunaifikiria Marekani, hasa kifo cha George Floyd kule Minneapolis mwaka 2020. Kanada, nchi jirani, ina sifa ya upole, na watu wengi hawaiweki katika orodha hiyo. Lakini ni huko Kanada, katika jiji la Toronto, ambako mwandishi wa habari Desmond Cole alipambana na jambo ambalo sisi tunaosoma falsafa tunakutana nalo vitabuni kwa jina la hukumu itokanayo na kushuku.

Kwa miaka mingi polisi wa Toronto walikuwa na desturi ya kumsimamisha njiani mtu ambaye hakutuhumiwa kosa lolote. Askari alimwuliza jina, anwani, anatoka wapi, anakwenda wapi, yuko na nani. Majibu yaliandikwa katika fomu ndogo, Fomu namba 208, pamoja na rangi ya ngozi yake, kisha yakaingizwa katika kompyuta ya polisi. Kwa sheria, mtu asiyezuiliwa aliweza kukataa kujibu na kwenda zake. Hiyo ni sheria ya karatasini. Mfikirie kijana wa miaka 18, usiku, askari wawili wamesimama mbele yake na bastola viunoni. Je, atawaambia kwamba hana la kujibu?

Cole alizaliwa Red Deer, katika jimbo la Alberta, kwa wazazi waliotoka Sierra Leone, akakulia Oshawa, mashariki ya Toronto. Mwaka 2015 alichapisha makala ndefu katika jarida la Toronto Life akieleza kwamba alikuwa amesimamishwa na kuhojiwa na polisi zaidi ya mara 50, bila kosa. Takwimu zilikuwapo kabla yake. Tangu mwaka 2002 gazeti la Toronto Star lilikuwa likichambua kumbukumbu za polisi wenyewe, hata chama cha polisi kikalishtaki kikidai fidia ya dola bilioni 2.7, kesi ambayo mahakama iliitupilia mbali. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba watu weusi, waliokuwa takriban asilimia 8 ya wakazi wa jiji, walikuwa karibu robo ya walioandikwa kadi. Makala ya Cole iliipa namba hiyo sura na jina. Wiki chache baadaye meya wa jiji, John Tory, ambaye awali hakutaka kuondoa kadi hizo, alitangaza kwamba zinapaswa kukomeshwa.

Sasa tumwendee Mtakatifu Thomas wa Akwino. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 60, anauliza kama ni halali kuhukumu kwa kushuku. Anatofautisha ngazi tatu. Ya kwanza ni kuanza kutilia shaka wema wa mtu kwa dalili hafifu; hilo ni udhaifu wa kibinadamu, na ni dhambi nyepesi. Ya pili ni kuuona ubaya wa mwenzako kuwa ni hakika kwa dalili hizo hizo hafifu. Ya tatu ni pale mwenye mamlaka anapomhukumu mtu kwa sababu ya kushuku tu. Hapo, asema Thomas, haki yenyewe imevunjwa.

Askari anayepita barabarani akamwona kijana mweusi na moyo wake ukasita yupo katika ngazi ya kwanza, na pengine atapambana nayo katika sala zake. Lakini anapomsimamisha, akamhoji na kumwandika jina, kushuku kwake kumetoka moyoni na kuvaa sare ya serikali. Mimi naona tayari tumeifikia ngazi ya tatu. Mtu anaweza kunipinga kwamba kadi si hukumu, maana hakuna aliyefungwa kwa kuandikwa tu. Ni kweli. Lakini jina likishaingia katika kompyuta ya polisi, askari mwingine, siku nyingine, akilitafuta atakuta mtu huyu "anajulikana na polisi". Hatajua kwamba anajulikana kwa kutembea tu.

Polisi nao walikuwa na hoja, na si ya kudharauliwa. Walisema taarifa hizo zinasaidia kufuatilia magenge na silaha, kwa hiyo zinalinda maisha, hata ya watu weusi. Thomas mwenyewe angewapa silaha hapa, maana anakubali kwamba tunapotafuta dawa ya uovu inafaa kuchukua tahadhari kana kwamba baya zaidi litatokea. Ndiyo maana tunafunga milango ya parokia usiku bila kumwita jirani yeyote mwizi. Ila mlango uliofungwa haumdhuru jirani. Kadi inamdhuru, kwa jina lake, na gharama yake yote inabebwa na watu wa rangi moja. Katika swali hilo hilo Thomas anasema ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mwovu kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa sababu katika kosa hili la pili kuna mtu anayetendewa isivyo haki. Mpango wa kadi uligeuza kipimo hicho juu chini.

Serikali ya jimbo la Ontario ilitunga kanuni mpya, zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Askari sasa alitakiwa, kwa kawaida, kumweleza mtu sababu ya kumwuliza, kumwambia kwamba halazimiki kujibu, na kumpa karatasi ya kumbukumbu. Wengi waliona jambo limekwisha. Cole hakuona hivyo: kumbukumbu za miaka yote iliyopita zilikuwa bado zimehifadhiwa. Tarehe 20 Aprili 2017 alifika katika kikao cha bodi inayosimamia polisi wa Toronto, akazungumza, na muda wake ulipokwisha akakataa kuondoka. Alitaka polisi waondolewe kumbukumbu hizo. Kikao kikavunjika.

Hapa ndipo ninapomwona Cole ameelewa haki kuliko walioandika kanuni. Thomas, swali la 62, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, wanafundisha kwamba anayevunja haki ya mwenzake, pamoja na sifa yake njema, anadaiwa malipizi, hata kama amekwisha kusamehewa. Mwizi aliyeacha kuiba bado anayo ng'ombe wa watu zizini. Kanuni mpya zilikataza wizi wa kesho, zikamwacha na ng'ombe wa jana.

Ujasiri huo ulimgharimu. Cole alikuwa na safu katika Toronto Star, gazeti lile lile lililofichua takwimu. Baada ya kikao, mhariri alimweleza kwamba amevunja kanuni ya gazeti: mwandishi haripoti na wakati huo huo kuwa mhusika katika jambo analoliandika. Hakufukuzwa. Mwezi Mei 2017 aliiacha safu mwenyewe. Kanuni ya gazeti ina busara yake, maana msomaji anahitaji shahidi asiyeegemea upande. Lakini katika jambo hili Cole alikuwa mhusika kabla hajashika kalamu. Jina lake lilichukuliwa na askari barabarani. Kumtaka asimame kando ni kumtaka asimame mahali ambapo polisi hawakuwahi kumwacha asimame. Nadhani gazeti lilikosea, ingawa najua mafrateri wenzangu wanaotamani kazi ya habari watabishana nami mezani.

Mwishoni mwa mwaka 2018 jaji Michael Tulloch wa Mahakama ya Rufani ya Ontario, naye ni mtu mweusi, alikamilisha uchunguzi aliopewa na serikali. Aliona kwamba kusimamisha watu ovyo na kuwaandika hakuna faida inayolingana na madhara yake, akapendekeza kukome. Mwaka 2020 Cole alitoa kitabu, The Skin We're In, kikapata Tuzo ya Vitabu ya Toronto. Mwezi Juni 2022 polisi wa Toronto walitoa takwimu zao wenyewe za mwaka 2020, zikionyesha kwamba watu weusi walikumbwa na nguvu za polisi kupita idadi yao katika jiji. Mkuu wa polisi, James Ramer, akasimama mbele ya waandishi wa habari na kuomba radhi.