Jina la Farasi na Saini ya Mchezo

Kusini mwa Minneapolis, kando ya Mto Minnesota, upo mji uitwao Savage. Zamani uliitwa Hamilton. Mwaka 1902 tajiri mmoja mwenye shamba hapo, Marion Willis Savage, alimnunua farasi wa mbio aitwaye Dan Patch kwa dola 60,000, fedha nyingi mno kwa zama zile. Farasi hakumwangusha, alivunja rekodi baada ya rekodi. Mji ukapewa jina la tajiri, na jina la farasi likapigwa chapa kwenye bidhaa, tumbaku kwa vitu vya watoto vya kuchezea. Mnunuzi akiliona, anaamini.

Sasa niambieni, wajukuu zangu: mjanja mwenye mashine ya kuchapia angeshindwaje kulibandika jina hilo kwenye bidhaa yake mbovu? Jina hunakiliwa. Ndiyo maana wanaotengeneza michezo ya kompyuta leo hawatoshelezwi na jina.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1971, hukohuko Minneapolis, walimu wanafunzi watatu, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walitunga mchezo wa The Oregon Trail kwa ajili ya somo la historia. Mchezo ulikaa ndani ya kompyuta moja kubwa, wanafunzi wakaufikia kupitia laini ya simu, na majibu yakachapwa kwenye karatasi. Nani angehitaji saini? Mwalimu mwenyewe alikuwa darasani.

Leo mchezo hupita mikono mingi kabla haujafika kwenye kompyuta yako, na katika safari hiyo mtu anaweza kupenyeza virusi. Kwa hiyo mtengenezaji kwanza hufungasha: programu, picha, sauti na kila faili ambalo mchezo unalitegemea huwekwa pamoja. Faili moja likisahaulika, mchezo utafunguka vizuri kwake na kugoma kwa jirani. Dawa yake ni kuujaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona.

Kisha husaini, na hapa ndipo penye uhondo. Kompyuta hulisoma kila faili na kulitolea muhtasari. Kwa kanuni iitwayo SHA-256, muhtasari huandikwa kwa tarakimu na herufi 64, hata faili liwe kubwa namna gani. Badilisha nukta moja tu ya picha, muhtasari wote unageuka. Mtengenezaji husaini muhtasari kwa ufunguo wake wa siri. Upo ufunguo wa pili, ulio wazi kwa wote: huo unaweza kuihakiki saini, lakini hauwezi kutengeneza nyingine. Cheti kutoka kwa shirika linaloaminika husema ufunguo huo ni wa nani.

Kusaini huja baada ya kazi yote. Ukishasaini halafu ukabadilisha faili moja ndani ya kifurushi, saini imevunjika, uanze upya. Kwenye kompyuta za Mac, tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, mchezo unaosambazwa nje ya duka la Apple hupelekwa kwanza kwa Apple ukaguliwe, na mtengenezaji hulipa dola 99 kwa mwaka. Kwa kijana anayetengeneza mchezo wake wa kwanza, hizo si fedha ndogo, nami naona zingepunguzwa.

Saini hata hivyo haisemi kwamba mchezo ni mzuri. Inasema ni nani aliyeufunga, na kwamba haujaguswa tangu hapo. Mwaka 2010 iligunduliwa programu hatari iitwayo Stuxnet, iliyosainiwa kwa funguo zilizoibwa kutoka kampuni mbili za Taiwan. Saini zilikuwa halali, kompyuta zikafungua mlango. Tangu Juni 2023 watoa vyeti wanadai ufunguo wa kusaini programu za Windows ukae ndani ya kifaa maalumu ambamo hauwezi kunakiliwa.

Basi mkimaliza mchezo wenu, ufunguo wa siri msiuache kwenye folda ya mchezo, wala msimtumie rafiki kwa WhatsApp. Ukiibwa, mwambieni aliyewapa cheti akifute siku hiyohiyo.