Maktau: Stesheni Iliyozaliwa na Vita

Maktau ilikuwa stesheni ndogo katika Kaunti ya Taita Taveta, kusini mwa Kenya, kwenye njia ya reli inayotoka Voi kuelekea Taveta. Stesheni hii ililetwa na vita.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, majeshi ya Wajerumani, waliotawala Tanganyika, yaliiteka Taveta, na vikosi vyao vidogo vikawa vinapenya nyikani kutega baruti kwenye Reli ya Uganda, yaani ile iliyounganisha Mombasa na Ziwa Viktoria. Waingereza, waliokusudia kuwashambulia upande wa Kilimanjaro lakini wakazuiwa na ukame wa nyika, walianza mwaka 1915 kutandika reli kutoka Voi, nayo ikafika Maktau mwezi Juni.

Hapo palikuwa na kambi kubwa yenye mahandaki na ngome, ambayo maji yake yalivutwa kwa bomba kutoka Bura, kwani mbali na askari na wanyama wao, hata garimoshi la mvuke haliwezi kwenda pasipo maji ya kuchemshwa ndani ya injini. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, alikataa kuwaacha majeruhi wenzake akauawa, na baadaye akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Wapagazi wa Kiafrika waliofia vita hivyo, kwa upande wao, wengi hawakuandikwa hata majina makaburini.

Mwaka 1916 njia hiyo iliungana huko Kahe na reli ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi, jambo lililowezekana kwa sababu zote mbili zilikuwa na upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Kwa hiyo, vita vilipokwisha, kahawa ya Kilimanjaro iliweza kusafirishwa kupitia Maktau hadi bandari ya Mombasa.

Hata hivyo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja liligawanyika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, huku malori yakizidi kuchukua mizigo. Stesheni iliyojengwa ili kuvuka mpaka haikuweza kudumu kwa abiria na mizigo ya upande mmoja tu.