Mayahudi wa Ufini na Desturi Zao

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya Mayahudi hawakuingia kwa mlango mmoja: Denmark waliitwa na mfalme katika karne ya 17 kwa kutamaniwa biashara yao, Uswidi walipewa rukhsa mwaka 1782 ya kukaa katika miji michache tu, na katiba ya Norwe ya mwaka 1814 iliwaharamishia kukanyaga ardhi yake, mpaka katazo hilo lilipofutwa mwaka 1851. Wale wa Ufini, ambao ndio makusudi ya maneno haya, waliingia wakiwa askari.

Ufini ilikuwa chini ya himaya ya Kaizari wa Urusi, na Kaizari Nicholas wa Kwanza alipoamuru mwaka 1827 kwamba Mayahudi nao waandikwe jeshini, vijana wao walitwaliwa, wengine wangali watoto wa miaka 12, wakatumikie miaka 25 mbali na wazazi wao. Amri ya mwaka 1858 iliwaruhusu waliomaliza utumishi wao Ufini wakae huko pamoja na ahali zao. Lakini riziki yao ilitiwa mipaka, wakaachiwa uchuuzi mdogomdogo, hasa wa mitumba, waliyoiuza katika soko la Narinkka mjini Helsinki. Mwaka 1906 wachuuzi hao na wana wao walifungua sinagogi yao yenye kuba katika mtaa wa Malminkatu, hali uraia wenyewe hawakuupata ila mwaka 1918, Ufini ilipokwisha kujitawala.

Siku ya Kiyahudi, kama ile ya Kiislamu, huanza kwa machweo; basi Sabato huingia Ijumaa magharibi na kutoka Jumamosi usiku, zionekanapo nyota tatu. Sheria hii, iliyotoka katika nchi ambazo jua lake lina adabu, ina mashaka yake Helsinki. Mwezi wa Desemba jua hutua saa tisa na robo alasiri, na kabla ya hapo mama wa nyumba hana budi awe amekwisha pika, ametandika kitambaa, amefunika mikate yake miwili na kuwasha mishumaa, kwa kuwa moto hauwashwi tena hadi kesho yake usiku. Na mwezi wa Juni jua hukawia hata karibu saa tano usiku, na mwenye kungojea nyota zake tatu huzitafuta katika mbingu isiyoingia giza barabara.

Desturi hizo walikwenda nazo hata vitani. Tangu mwaka 1941 hadi 1944 Ufini ilipigana na Urusi upande mmoja na Ujerumani ya Hitler, na Mayahudi wake, kwa kuwa ni raia, walikuwamo jeshini; karibu na mto Svir wakasimamisha kibanda cha ibada, wakaishika Sabato yao, nao Wajerumani hawako mbali. Tabibu wa jeshi Leo Skurnik, Wajerumani walipotaka kumtunukia nishani ya Msalaba wa Chuma, aliikataa. Tarehe 6 Desemba 1944 Mannerheim, rais wa nchi, alihudhuria sinagogi ya Helsinki katika ibada ya kuwakumbuka Mayahudi waliokufa vitani.

Heshima hiyo ya askari, hata hivyo, haikuwafaa wageni. Mwezi wa Novemba 1942 wakimbizi wanane wa Kiyahudi walitiwa mikononi mwa Wajerumani, akasalimika mmoja tu. Na mwaka 2000 Waziri Mkuu Paavo Lipponen aliomba radhi kwa jambo hilo.